Nzuri Isiyo na Ila

Wifi yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakitikisa aone kama miguu iko sawa, halafu anakuachia ukae wewe. Tangu kaka yangu alipomwoa sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Anakunywa akitembea, na kikombe tunakuja kukikuta dirishani, chai imepoa, imebaki nusu. Mimi ni wifi, nina ruhusa ya kumsema, kwa hiyo nilimwambia kaka siku za mwanzo kabisa kwamba ametuletea cherehani yenye miguu.

Na kweli ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, kinatazama barabara ya vumbi: meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na misumari ukutani ya kutundikia nguo zilizokwisha. Sare za shule, magauni ya maharusi, majoho ya kwaya, vyote vimepita mikononi mwake. Akiwa kazini anabana pini midomoni, na mteja anajibiwa kwa pua. Mguno mfupi ni ndiyo. Mguno mrefu ni njoo kesho, na kesho hiyo usiitegemee sana.

Kaka alifariki mapema, akamwacha na mtoto mmoja wa kiume. Wifi hakurudi kwao, wala hakutaka kuhurumiwa. Alisogeza cherehani karibu na dirisha ili amwone mtoto akicheza nje, na ndivyo alivyomkuza, jicho moja kwenye kitambaa, jingine uani. Mtoto akawa na kichwa chepesi shuleni. Sasa, kanisa letu lina kanisa rafiki ng'ambo, watu waliotuchimbia kisima cha pampu na kutuezekea darasa. Mwaka mmoja wakasema wangependa kumsomesha kijana mmoja chuo kikuu huko kwao, na wazee wa kanisa wakamchagua huyu wetu. Siku ya kumuaga, mchungaji alimwekea mikono kichwani akamwita Profesa mbele ya watu wote. Jina likaganda pale pale. Na mama yake, ambaye alikuwa na jina lake zuri tu, akawa Mama Profesa kwa wakubwa na wadogo.

Mwanzoni Profesa alipiga simu kila Jumapili. Wifi alikuwa anatoka kanisani mbio, simu kifuani, asije akaikosa. Alinipa na mimi nimsikie, "Shikamoo shangazi," sauti ile ile, kicheko kile kile. Halafu Jumapili moja ikapita kimya, ikafuata nyingine. Zikaanza kuja jumbe fupi za maandishi: niko salama mama, nina mitihani. Akipigiwa, hapokei.

"Mitihani gani hii isiyo na likizo?" wifi aliniuliza, huku anafumua mshono ambao haukuwa na kosa.

"Wasomi ndivyo walivyo," nikamjibu.

Sikuamini nilichosema, na yeye aliona kwamba siamini. Ila ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Ndipo mchungaji akatangaza kwamba rafiki zetu wa ng'ambo wanakuja kututembelea, kundi la watu wazima kutoka kanisa lile lile analosali Profesa. Kanisa zima likapata homa. Watu walifikiria vitanda, vyandarua, maji ya kuoga, nani atapika na nani hatakiwi kusogelea jiko. Wifi yangu alifikiria kitu kimoja tu: hawa watu wanamwona mtoto wangu kila wiki kwa macho yao. Kuanzia hapo hakulaliki wala hakuliki. Alishusha mapazia ya nyumba yake akayakunja upya pindo, akaona haitoshi, akaja kushusha na ya kwangu.

Mchungaji alimjua. Katika mkutano wa mwisho wa maandalizi alisimama, akakohoa kile kikohozi chake cha kuweka watu sawa, akasema, "Wageni wetu watakuwa wamechoka. Naomba tusiwasumbue kwa maswali ya mtu mmoja mmoja. Na siku ya kuwaaga, Mama Profesa atasimama kutoa shukrani kwa niaba yetu, aeleze tunda la urafiki wetu." Maneno alisema kwa wote, macho aliyaweka kwa wifi. Nilitamani kumuuliza tangu lini mtoto wa mtu akawa tunda, lakini nilijizuia, maana mchungaji huyu akianza kujibu hamalizi.

Wageni wakafika, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kati yao alikuwepo mzee mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kila akipita mlangoni anainama hata pale pasipo haja. Huyu alikuwa amejifunza Kiswahili kuwashinda wenzake. Umuulize habari ya safari, "Nzuri!" Habari ya usingizi, "Nzuri!" Siku ya kwanza tu alizama kwenye tope la kisimani, mguu ukatoka, kiatu kikabaki, na watoto wakamuuliza kwa pamoja, "Babu, habari ya kiatu?" "Nzuri! Nzuri sana!" Kufika jioni kila mtu alimwita Bwana Nzuri, na yeye aliitika kwa furaha.

Lakini nimetangulia. Kabla ya kiatu kulikuwa na chai. Mgeni haulizwi kitu kabla hajanawa na kutia kitu tumboni, kwa hiyo wifi alisubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kumimina. Alizunguka na birika kama anafukuzwa. Kikombe kikipungua kidogo, anajaza. Kisipopungua, anajaza vilevile. Alipomfikia Bwana Nzuri alisimama, akajifuta kiganja kwenye kanga, akauliza taratibu ili mgeni amwelewe.

"Mimi ni mama wa yule kijana aliye kwenu. Habari za mtoto wangu?"

Bwana Nzuri akamtazama, uso ukafunguka wote. "Mama! Mama yake! Nzuri. Nzuri sana."

Akachukua mkate, akauma. Wifi akabaki amesimama na birika, haondoki.

Kila mmoja wetu anajua salamu zinavyokwenda. Ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza. Paa limeezuliwa na upepo? Nzuri. Una mgonjwa kitandani? Nzuri. Neno la kwanza ni la adabu tu, halina habari ndani yake. Habari yenyewe inafuata nyuma, imeshikwa mkono na ila. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila jana tumetoka kuzika. Anayejua kusalimiana hasikilizi nzuri, anasubiri kinachofuata, na kisipofuata ndipo anashusha pumzi.

Wifi alisubiri. Bwana Nzuri akatafuna, akameza, akatabasamu, akainamia kikombe. Hakikufuata kitu. Na wifi hakuweza kushusha pumzi, kwa sababu hakujua: je, ila haipo, au mgeni hajui kwamba inapaswa kuwepo? Nilimshika kiwiko nikamwondoa, chai ilikuwa inamwagikia kiatu cha mtu.

Wiki ile sikupata raha, na mimi nina miguu mibaya. Wageni wakienda shuleni, wifi anakumbuka ana sare ya kupeleka shuleni. Wageni wakienda kisimani, ndoo zake zote zimekauka ghafla. Kila mahali swali ni lile lile, na kila mahali jibu ni lile lile. Akaamua kumtumia mwalimu wa shule, ambaye ndiye alikuwa mkalimani. Mwalimu ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: hapendi neno lenye makali limpite mdomoni bila kulipiga msasa. Alimuuliza Bwana Nzuri kwa lugha yao. Bwana Nzuri akajibu kwa muda mrefu, akakunja uso, akakuna shingo, akatazama chini, akaendelea. Mwalimu akageuka.

"Anasema ni kijana mwenye moyo mzuri."

"Na mengine?" wifi akauliza.

"Ndiyo hayo tu, Mama Profesa."

"Mwalimu, huyu mtu ameongea mpaka mate yamemkauka. Yote hayo ni moyo?"

Mwalimu akacheka kicheko cha kukimbia, akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Mimi nilimwona wifi akipauka midomo. Aliniambia tukiwa njiani, "Mwanangu anaumwa. Au amefungwa. Au amekufa na wanangoja waondoke ndipo wamwambie mchungaji." Nikamkaripia, nikamwambia afunge mdomo wake asimwite shetani barabarani. Nilikuwa na hofu ile ile, ndiyo maana nilikuwa mkali.

Hofu ikaingia mpaka kazini. Jumapili kwaya iliimba ikiwa imevaa majoho mapya, na kiongozi wa kwaya alipoinua mikono kuanzisha wimbo, mkono mmoja ulipanda vizuri na mwingine ukagoma usawa wa sikio. Fundi mzima alikuwa amemshonea joho lenye mikono miwili ya kushoto. Wimbo wote uliongozwa kwa mkono mmoja, na wageni wakadhani ndivyo tunavyofanya, wakapiga makofi kwa nguvu. Siku nyingine yoyote wifi angekufa kwa aibu. Siku ile hata hakuona.

Kanisa lilikuwa limeamua kuwapa wageni mashati ya zawadi, na asubuhi ya siku ya kuwaaga wakawa wanaingia chumbani kwa wifi mmoja mmoja kujaribu. Nilikuwepo, nashona vifungo, maana vifungo hata mimi naviweza. Bwana Nzuri alikuja wa mwisho. Wifi akamsimamisha mbele ya kioo, akamwambia anyooshe mikono, akaanza kumbana shati kwa pini mabegani. Alikuwa na pini nne au tano midomoni. Mara akazitoa zote, akazichomeka kwenye kanga.

"Baba, nani alikufundisha Kiswahili?"

Bwana Nzuri akafurahi. "Mtoto wako! Profesa! Yeye mwalimu wetu. Sisi wote tunakaa kanisani, yeye anafundisha."

"Alikufundisha nini kuhusu habari?"

"Ukiulizwa habari, sema nzuri." Alisema kama mwanafunzi anayejua atapewa vema. "Kila siku, nzuri."

"Na baada ya nzuri?"

Akafikiri. Akatafuta kwenye dari. "Baada ya nzuri, hakuna. Mwisho."

Sindano ilinichoma kidole. Wifi alinigeukia, macho yamesimama. "Wifi, umesikia? Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusalimia. Amewafundisha nusu." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Amewapa nzuri, ila ameibakiza kwake."

Mimi nilikuwa tayari kulia. Yeye hapana. Alivuta kiti, akamkalisha Bwana Nzuri na pini zake mabegani, akamwambia leo atamalizia somo. Akamweleza kwa vidole na kwa maneno mepesi: nzuri ni mlango, ila ndiyo kuingia ndani. Akamuuliza, "Habari ya usingizi?"

"Nzuri."

"Nzuri, ila?"

Mzee wa watu akaelewa. Ungemwona anavyoelewa, kama mtu aliyewashiwa taa. "Nzuri, ila… mbu!"

"Habari ya miguu?"

"Nzuri, ila kiatu kimoja kibaya!" Akacheka, akapiga goti. "Nzuri, ila mchungaji anasema sana!" Hapo hata mimi nilicheka, kwa kuwa hicho ndicho Kiswahili safi kuliko chote alichowahi kukitamka.

Wifi hakucheka. Alimsubiri amalize. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya somo, "Habari za mtoto wangu?"

Bwana Nzuri alifungua mdomo. "Nzuri," akasema, "ila…"

 Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, akaona alipofikishwa. Akashika magoti yake. Akasema kwa shida kwamba yeye aliahidi. Profesa alimwomba, na yeye aliahidi, na ahadi ni ahadi.

"Yuko hai?" wifi akauliza.

"Hai! Hai, mama! Mzima!"

"Basi weka ahadi yako. Mimi sikuombi uniambie kitu. Mpigie simu, unipe."

Alisita, akanitazama mimi kana kwamba nitamwokoa. Nikamwambia, "Piga, baba." Akatoa simu mfukoni.

Profesa alipokea mara moja, maana aliona jina la mzee. Alianza kwa lugha ya huko, anacheka, nadhani anamuuliza kama tumemchosha kwa chai. Wifi akasema, "Ni mimi." Kicheko kikakatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari zako, mwanangu?"

"Nzuri, mama."

 Wifi alisimama katikati ya chumba, simu imewekwa sauti ya juu, mkono mwingine ameuegemeza kwenye meza ya kukatia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hapakuwa na kiungo kilichotikisika katika mwili wake. Alingoja. Huko ng'ambo mtu akapumua, akapumua tena.

"Ila chuo kilinishinda, mama," Profesa akasema, na sauti ikavunjika. "Kilinishinda mwaka wa pili. Nilirudia, kikanishinda tena. Sasa niko kwenye nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza vitandani. Nilikataza wasiseme. Huko mnaniita Profesa, ningesema nini?"

"Mimi nilikuuliza chuo?"

"Hapana, mama."

"Nilikuuliza habari zako. Unakula? Unalala? Hao wazee, kuna anayekutukana?"

Alilia pale, kijana mzima, na sisi tukamsikia. Bwana Nzuri aliinama akitazama kiatu chake kibaya. Profesa akasema anakula, akasema kuna bibi mmoja anayemwita kwa jina la mwanawe aliyekufa na yeye anaitika tu. Halafu akasema, haraka, kama anayetema kitu, "Mama, nataka kuja nyumbani, ila naona aibu."

"Ila hiyo niachie mimi," wifi akasema. "Wewe njoo."

Akamrudishia mzee simu yake. Ndipo miguu yake ikarudi kazini, akaizunguka meza ya kukatia mara mbili. Nilitaka kumkumbatia lakini mchungaji alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, kikohozi mbele, yeye nyuma.

"Mama Profesa, watu wamekaa. Ni wewe tu tunakungoja na lile neno la tunda."

"Nakuja," akasema. "Ngoja nimtoe mgeni pini."

Nilimfuata nikiwa nimeshikilia moyo. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, wageni wamekaa mbele na mashati yao mapya, moja halijakatwa nyuzi. Wifi alipita mbele. Hakupanda kwenye jukwaa, alisimama chini usawa wetu. Aliwashukuru wageni kwa kisima na kwa darasa. Mchungaji alikuwa anaitikia kwa kichwa, kila kitu kinakwenda kama alivyopanga.

"Mnaniuliza kila siku habari za mtoto wangu," wifi akasema, "na mimi nawajibu nzuri. Leo nimeongea naye. Nzuri, ila chuo kilimshinda. Hatakuwa profesa. Anaogesha wazee wasiojiweza, wazee ambao si wa kwao, na anaona aibu kurudi kwa sababu ya jina tulilompa. Naomba tulivue jina hilo, mimi na yeye. Namtaka mwanangu arudi nyumbani. Nimemaliza."

Mwalimu mkalimani alifungua mdomo, akaufunga. Safari hii hakupata msasa. Bwana Nzuri ndiye aliyewanong'oneza wenzake kwa lugha yao, maana habari yenyewe alikuwa anaijua, na nikaona wanawake wawili wa kundi lile wakitoa vitambaa. Mchungaji alitazama Biblia yake kama inaweza kumsaidia. Mimi nilikuwa nakunja mkono tayari, yeyote atakayeguna ajue ana kesi na mimi.

Hakuguna mtu. Kutoka benchi la nyuma, bibi mmoja wa kwaya, ambaye masikio yake yamechoka na kwa hiyo husema kwa sauti kubwa, akauliza, "Kwa hiyo anakuja lini?"

Wifi akageuka kunitazama mimi, macho yamemtoka. Kumbe alisahau kuuliza.